Si kila injini ya zamani yataka lita 4 za oili
Kuna imani ya miaka mingi gereji za huku Mombasa, kwamba gari la zamani ukishamwaga oili warudisha mkebe mzima wa lita 4 basi. Imani yenyewe haikutoka hewani, injini nyingi za silinda 4 huwa karibu na hapo. Lakini bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, hazifanani. VW Beetle yataka lita 2.5 tu, na haina filta ya karatasi, chini kuna kisahani kimeshikwa na nati 6 ndogo, juu yake chujio la waya, ukilifungua wakuta tope zito ambalo kumwaga peke yake hakulitoi. Mini ya zamani nayo injini na giaboksi zatumia oili moja, kwa hivyo yapita lita 4. Ukizidisha oili sana, krenki, ile shafti inayozunguka ndani ya injini, yaipiga oili yatoa povu, na sili za kuzuia oili zaanza kuvuja.

Kuhakikisha si kazi jamani, soma namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe ujue ni injini gani, sio logibuku (kitabu cha umiliki wa gari) tu, maana nyingi zishabadilishwa injini, halafu gari liwe pahali tambarare, zima, ngoja oili ishuke, futa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, irudishe, itoe usome. Ongeza kidogo kidogo mpaka ikaribie alama ya juu.