Makao ya wenye ulemavu wa akili na usonji: tazama mkazi anafanya nini

Familia inayomtafutia makao ndugu mwenye ulemavu wa akili au usonji kwa kawaida hukagua jengo, bustani, gharama na cheti kilichotundikwa ukutani. Vyote hivyo ni vya kuangaliwa, ila havikuambii mengi.

Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol, Uingereza, ilikuwa imesajiliwa, na ilitoza wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Mei 2011 BBC ilirusha picha zilizochukuliwa kwa siri zikionyesha wahudumu wakiwapiga na kuwadhalilisha watu waliokabidhiwa kuwatunza. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani, na 6 kati yao wakafungwa jela. Mwaka 2019 yakaibuka mambo ya aina hiyohiyo Whorlton Hall, kaskazini mwa England, hospitali ambayo wakaguzi wa serikali walikuwa wameipa daraja la "nzuri". Kwa hiyo cheti kisome, lakini usiishie hapo.

Nenda alasiri ya siku ya kawaida, saa ambayo hakuna mlo wala sherehe, uangalie wakazi wanafanya nini. Penye huduma duni utakuta watu wanne wameketishwa mbele ya televisheni ambayo hakuna anayeitazama, huku mhudumu yuko chumba cha pili anakunja nguo zao. Hajapigwa mtu, hajatukanwa mtu, na ripoti ya zamu itasema siku ilikuwa shwari. Mimi siku ya namna hiyo naihesabu kuwa mbaya.

Penye huduma nzuri, nguo zilezile ndizo shughuli ya alasiri. Mhudumu anampa mkazi shati moja, si kapu zima. Anasema maneno mawili, "kunja mkono", kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ni ufundi. Mtu mwenye usonji anaweza kuhitaji sekunde kadhaa ili neno limwingie, na anayerudia agizo haraka haraka humrudisha mwanzo. Mkazi asipoanza, mhudumu anakunja shati lake mwenyewe mbele yake ili aone. Bado akikwama, anamsaidia mkono mmoja na kumwachia wa pili. Kazi ya dakika tano itachukua nusu saa na shati litakunjwa upande. Si neno. Marehemu Profesa Jim Mansell wa Chuo Kikuu cha Kent ni miongoni mwa watafiti waliotumia miaka mingi kuonyesha kwamba kuongeza wahudumu peke yake hakubadilishi maisha ya wakazi. Kinachobadilisha ni wahudumu kufundishwa kusaidia kwa namna hii, na msimamizi kutoka ofisini akawaonyesha.

Kuna wanaoamini kwamba makao yakiwa madogo tatizo limekwisha. Udogo husaidia, lakini hautoshi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 19, unampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Kamati inayousimamia ilifafanua mwaka 2017 kwamba hata nyumba ya watu watano hadi wanane, au ya mtu mmoja, haihesabiki kuwa maisha ya kujitegemea ikiwa ratiba haipindiki na mkazi hana sauti juu ya anayemhudumia. Uliza basi: nani anaamua saa ya kulala? Mkazi akimkataa mhudumu fulani asimwogeshe, inakuwaje?

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni maumivu yanayoitwa ukorofi. Mkazi asiyezungumza anaanza kujipiga shavuni, na kwenye faili panaandikwa "vurugu zimeongezeka". Huenda ni jino. Huenda ni sikio, au kiungulia kinachomwamsha usiku, au hajapata choo siku kadhaa. Kufunga choo kunaonekana jambo dogo, lakini huwapata sana watu hawa, hasa wanaotumia dawa nyingi na wasiotembea vya kutosha, na kukipuuzwa kunaweza kuua. Tabia ikibadilika ghafla, kwanza aitwe daktari, kinywa kiangaliwe, rekodi ya choo na ya usingizi isomwe. Kisha mazingira: king'ora cha moshi kinacholia kwa sababu betri inakaribia kuisha, taa inayovuma, mhudumu mgeni aliyeingia zamu bila kutambulishwa. Makao mengine hubandika kila asubuhi picha za watakaokuwa zamu. Haigharimu kitu, na kwa mtu ambaye mabadiliko humtia hofu ni nafuu kubwa.

Pasipo na uchunguzi huo, kinachofuata mara nyingi ni kidonge. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya England ilikadiria kwamba watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakimeza kila siku dawa za magonjwa ya akili bila kuwa na ugonjwa ambao dawa hizo hutibu. Kampeni ya kitaifa ya kuzipunguza ilianza mwaka uliofuata. Dawa hizi zina mahali pake, ila hazikatwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari. Familia iulize kila dawa inatibu nini, na ilipitiwa upya lini.

Omba pia kuona daftari la matukio ya mkazi kushikwa kwa nguvu au kufungiwa chumbani. Ukurasa mtupu usikutulize upesi. Muulize mhudumu wa kawaida, si meneja, mara ya mwisho ilikuwaje na nani alizungumza na mkazi baadaye. Na makao yanayotaka utoe taarifa siku kadhaa kabla ya kila ziara yatoe sababu zake kwa maandishi, nakala iende kwa mamlaka iliyoyasajili.