Kabla ununue sistimu, fuata karatasi kwa miguu

Wateja wangu wengi hapa Nakuru hunipigia simu wakiwa washalipia sistimu. "Kuja utusaidie, watu wamekataa kuitumia." Juzi alikuwa mwenye hadiwea ya jumla, simtaji, kila dawati lina kompyuta na programu ya stoo ni ya maana kabisa, na bado lori la simiti linakaa getini masaa matatu likingoja ruhusa ya kutoka.

Siku ya kwanza sikugusa kompyuta. Nilichukua oda moja, mabati 40 na misumari, nikaifuata. Kaunta wakaiingiza kwa sistimu wakaprinti, karatasi ikaenda kwa mhasibu ikagongwa muhuri, ikapanda ngazi kwa bosi apige sahihi na bosi mwenyewe yuko Naivasha, baadaye stoo wakaiandika tena kwa kaunta buku, soja wa geti naye akaiandika kwa yake. Nikauliza, hii sahihi ni ya nini? Wote kimya. Mzee wa stoo akacheka, "Kijana wangu, kuna mtu aliiba rangi hapa kitambo." Jamaa alishafutwa, lakini karatasi bado inapanda ngazi kumtafuta.

Na si sisi tu. Mwaka 1990 Michael Hammer, mtaalamu wa kupanga kazi za kampuni, alieleza mambo ya Ford, wale wa magari kule Marekani: idara ya kulipa wasambazaji ilikuwa na watu zaidi ya 500, wakapanga kuleta kompyuta wapunguze kama asilimia 20, halafu wakachungulia Mazda, kampuni ya magari ya Japani, wakakuta kazi hiyo ina watu 5. Hata ukisema Ford ni kubwa, hesabu haiingii. Makarani walikuwa wanashinda wakilinganisha oda, hati ya kupokea mzigo na invoisi, na zikikataana malipo yanasimama. Wakaamua kutoa invoisi kabisa. Mzigo ukifika, karani anaangalia oda kwa kompyuta, ukilingana anaingiza na cheki inatoka, usipolingana unarudi ulikotoka. Watu wakapungua kwa asilimia 75.

(Usikimbie kutupa invoisi lakini. Tangu Januari 2024, KRA, watu wa ushuru wa Kenya, hawakubali gharama nyingi za biashara kwa hesabu ya ushuru kama hazina invoisi ya eTIMS, sistimu yao ya invoisi za kielektroniki.)

Kwa yule wa hadiwea tuliacha sahihi kwa oda za mkopo peke yake. Iliyolipwa kwa M-Pesa au benki, pesa ikionekana stoo wanaiona kwa skrini na wanapakia, hakuna kupanda ngazi. Kubishana na bosi ndiko kulichukua muda, wiki mbili nzima, programu yenyewe tuliibadilisha kwa siku moja. Alikuwa anapenda ile kalamu yake, na nikimwangalia naona ni uoga, ukishaibiwa mara moja unataka kila kitu kipite mkononi mwako.

Kaunta buku ya soja sikuigusa. Stima hupotea hapa, na gari haliwezi kungoja Kenya Power.