Nani anajengewa barabara? Dhana zinazosikika Lubumbashi na ukweli wake

Dhana: "Katanga inalisha nchi nzima, lakini barabara zinajengwa Kinshasa."

Malalamiko haya yana msingi. Ibara ya 175 ya Katiba ya 2006 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na inataka fedha hizo zikatwe palepale zinapokusanywa. Badala yake serikali kuu imezoea kukusanya zote, kisha kurudisha sehemu tu, mara nyingi kwa kuchelewa, na anayeudhika kwa jambo hilo ana haki kabisa. Hata hivyo si kweli kwamba hakuna kinachobaki kwetu hapa Haut-Katanga, jimbo la Lubumbashi lililotokana na Katanga ya zamani. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni za migodi kwa madini wanayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta (eneo la utawala la vijijini) au utawala wa kimila ulipo mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Robo nzima, basi, iko mikononi mwa viongozi wetu wa hapa, na wao ndio wa kuulizwa imejenga barabara ipi, ya urefu gani, kwa bei gani.

Dhana: "Asilimia 40 zingefika, barabara zote zingekuwa na lami."

Fedha hizo zinatakiwa kubeba pia shule za msingi, afya na mishahara ya watumishi wa jimbo. Barabara ni mdai mmoja kati ya wengi.

Dhana: "Kila shimo ni kosa la gavana."

Barabara ya Taifa namba 1, inayopita Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, ni ya mtandao wa kitaifa unaosimamiwa na Office des Routes, ilhali barabara za mjini na mifereji yake ni kazi ya Office des Voiries et Drainage. Zote mbili ni taasisi za taifa. Fedha za matengenezo hupitia FONER, mfuko ulioundwa kwa sheria ya 2008, ambao hulishwa na tozo ya mafuta na ya barabara. Gavana anaweza kushinikiza, na anapaswa kufanya hivyo, lakini barua ya malalamiko ikipelekwa kwa asiyehusika, shimo linabaki palepale.

Dhana: "Haki ni majimbo yote 26 kupata kiasi sawa."

Hapa ndipo mjadala unapopotea zaidi. Haut-Katanga ina zaidi ya kilomita za mraba 130,000, Kasaï-Oriental haifikii 10,000. Fungu moja kwa zote mbili lingekuwa dhuluma kwetu. Lakini tukigawa kwa ukubwa wa ardhi peke yake, tutawadhulumu wakazi wa Mbuji-Mayi, mji mkuu wa Kasaï-Oriental, mji mkubwa ambao makorongo ya mmomonyoko yanakula barabara na nyumba zake. Gharama ya kilomita moja nayo hubadilika kulingana na udongo, madaraja na umbali wa machimbo ya kokoto. Kwa sababu hiyo ibara ya 181 iliunda mfuko wa kusawazisha maendeleo ya majimbo, unaostahili asilimia 10 ya mapato ya kitaifa. Kwa miaka mingi mfuko huo ulibaki kwenye karatasi, na kwa maoni yangu jambo hilo linastahili kelele nyingi kuliko ulinganisho wetu na Kinshasa.

Dhana: "Ugomvi ni kati ya Lubumbashi na Kinshasa."

Jimbo letu lina teritwari (wilaya) sita: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Zile asilimia 15 za mrabaha hufuata mgodi, kwa hiyo sekta inayoishi kwa samaki wa Luapula au kwa mahindi haipati chochote humo, ingawa sisi wa mjini tunakula samaki wa Kasenga, na mvua zikianza malori yanayowaleta hukwama kwenye matope. Mkulima wa Mitwaba akiiangalia Lubumbashi huona kile ambacho sisi tunakiona Kinshasa. Bajeti ya jimbo hupigiwa kura kila mwaka na wabunge wetu hapa mjini, nao wanaweza kutakiwa na wapiga kura kuonyesha, teritwari kwa teritwari, fedha za barabara zimekwenda wapi.