Kwa nini umati husimama tu ajali ikitokea

Bodaboda ikigongwa pale Kondele, Kisumu, dakika mbili haziishi kabla watu arobaini hawajazunguka. Wengi wanachukua video. Majeruhi bado yuko chini. Jioni utasikia watu wakisema siku hizi binadamu hana utu. Kama mwanasaikolojia, maelezo hayo hayanitoshi, maana mtu yuleyule akimkuta majeruhi huyo alfajiri, barabara tupu, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kusimama.

Mwaka 1968, Wamarekani Bibb Latané na John Darley waliwaketisha wanafunzi chumbani wakijaza fomu, kisha moshi ukaanza kuingia. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 walikwenda kutoa habari. Walioketi na watu wawili walioagizwa wasijali moshi? Asilimia 10 tu.

Penye wengi, kila mtu hudhani mwingine ameshapiga simu. Hilo wengi wanalijua. Lisilotajwa sana ni kwamba kila mmoja husoma uso wa jirani yake ili ajue jambo ni zito kiasi gani, na kwa kuwa wote wamejikaza wasionekane na kiherehere, wote huambizana kimyakimya kwamba hakuna hatari. Huku kwetu ongeza hofu ya kuachiwa bili ya hospitali au kuitwa kituoni kuandikisha taarifa.

Kwa hiyo kupiga kelele "Jamani, saidieni!" husaidia kidogo sana, kwa kuwa "jamani" si mtu. Mchague mmoja, mtaje kwa nguo yake, mpe kazi moja yenye mwisho: "Wewe kijana wa rifleksa ya kijani, piga 1199, sema tuko Kondele, kisha uniambie wamejibu nini." Hayo maneno ya mwisho usiyaache, ndiyo yanayomrudisha kwako. Nambari hiyo, ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ikikataa, ajaribu 999 au 112. Mwingine, "Mama wa leso nyekundu", akandamize jeraha kwa kitambaa safi bila kufunuafunua kuangalia kama damu imekata. Kosa la kawaida hapa ni pupa: kumvua helmeti, kumketisha, au kumbana kati ya watu wawili juu ya boda nyingine. Shingo ikiwa imeumia, safari hiyo yaweza kumpoozesha.

Utaona pia kwamba waendeshaji boda wa steji hukimbilia mwenzao kuliko wapita njia. Mwaka 2005, Mark Levine na wenzake Uingereza walionyesha kwamba mashabiki wa Manchester United walimsaidia zaidi aliyeanguka akiwa na jezi yao kuliko aliyevaa ya Liverpool. Walipokumbushwa kwanza kwamba wao ni wapenzi wa soka, wa Liverpool naye akasaidiwa. Tatizo ni kwamba undugu huohuo wa steji ndio huchoma moto gari la aliyegonga. Ukiwaita "nyinyi mnaoijua hii barabara" badala ya "nyinyi watu wa boda", unapanua kundi, na dereva naye anapata nafasi ndani yake.

Umati si laana, lakini. Kamera za mitaani za Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini, zilizochambuliwa mwaka 2019, zilionyesha kwamba katika ugomvi 9 kati ya 10 angalau mpita njia mmoja aliingilia kati. Wa kwanza akishapiga magoti, wengine hufuata. Hao wape kazi ya kusimamisha magari pande zote mbili, mbali kidogo na majeruhi, ili matatu inayokuja kasi ipate nafasi ya kufunga breki.