Rangi ya chungwa si ushahidi: kupima L-dopa inavyooksidishwa

L-dopa hutokana na asidi amino iitwayo tairosini. Ukiichanganya na polifenoli oksidesi, kimeng'enya chenye shaba, maji hugeuka rangi ya chungwa. Kimeng'enya hicho kimo tele kwenye viazi mviringo, na Soko la Majengo hapa Dodoma halivikosi. Kwa hiyo kupata rangi ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kujua nani kaileta, maana L-dopa huoksidika yenyewe kwa oksijeni ya hewani, hasa palipo na alkali, joto au chembe za madini ya chuma.

Ndiyo maana naanza na maji. Ya bomba, ambayo mengi hutoka visima vya Makutupora, yana chumvi, na kalisi ikikutana na fosfati huleta ukungu unaodanganya mashine ya kupima mwanga (spektrofotomita). Tumia maji yaliyokenekwa tu.

Yeyusha miligramu 19.7 za L-dopa katika mililita 10 za asidi hidrokloriki ya milimola 10 kwa lita. Inayeyuka taratibu, usiipashe moto. Ifunike isipate mwanga, na ya jana imwage.

Saga gramu 50 za kiazi kilichomenywa pamoja na mililita 100 za bafa baridi ya fosfati, yaani mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike (milimola 50 kwa lita, pH 6.5). Chuja kwa kitambaa, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g (mara 10,000 ya mvutano wa dunia), dakika 15. Maji ya juu, ndiyo yenye kimeng'enya, yakae kwenye barafu muda wote.

Kwenye kuveti, kichupa cha kupimia mwanga, tia bafa mililita 2.4, L-dopa 0.5, na mwisho kimeng'enya 0.1. Soma ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 475 kila sekunde 10 kwa dakika mbili. Shikilia nyuzi 25 kwa bafu la maji, kwani Novemba chumba hupita 30. Pima pia kuveti isiyo na kimeng'enya, na nyingine yenye kimeng'enya kilichochemshwa dakika 10. Kwa mwinuko wa Dodoma maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na zinatosha kabisa kukiua. Kasi ya kuveti hizo ndiyo unayoitoa kwenye kipimo chako.

Mstari wa grafu ya ufyonzaji ukilala kwanza ndipo upande, usidhani kimeng'enya kimekufa. Vitamini C ya kiazi hurudisha dopakwinoni, yaani L-dopa iliyokwisha kuoksidishwa, kuwa L-dopa mpaka yenyewe iishe. Iondoe kwa dayalisisi (kuacha molekuli ndogo zipenye utando na kutoka) usiku kucha, kwenye baridi. Mstari ukiinama mwishoni, kimeng'enya kinaharibiwa na kazi yake chenyewe. Tumia sehemu ya mwanzo iliyonyooka.

Ukipata ongezeko la ufyonzaji la 0.036 kwa dakika, gawanya kwa 3,600, ambao ni ufyonzaji wa mola moja ya dopakromu kwa lita katika kuveti ya sentimita moja: ni maikromola 10 za dopakromu, ile rangi ya chungwa yenyewe, kwa lita kila dakika, yaani nanomola 30 ndani ya kuveti. Hapa wengi huishia, na ni kosa. Dopakromu moja hugharimu dopakwinoni mbili, kwa sababu ya pili hurudi kuwa L-dopa. Kimeng'enya kimeoksidisha nanomola 60, si 30. Andika wazi umehesabu ipi.