Jacek Baluch: mwanafilolojia aliyepelekwa Prague kuwa balozi

Watu wengi hudhani kwamba balozi ni lazima awe amesomea sheria, uchumi au uhusiano wa kimataifa. Jacek Baluch, aliyeiwakilisha Poland mjini Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia na baadaye wa Jamhuri ya Cheki, kuanzia mwaka 1990 hadi 1995, alisomea filolojia ya Kislavi, yaani lugha na fasihi za ukoo ambao Kipolandi na Kicheki ni sehemu yake, na kabla ya kupewa ubalozi alikuwa akifundisha chuo kikuu na kutafsiri mashairi ya Kicheki. Mimi ni mwalimu wa isimu linganishi, na ninapofika kwenye mada ya lugha za ukoo mmoja huwa ninamtumia yeye kama mfano, kwa sababu safari yake ya kikazi inathibitisha jambo ambalo wanafunzi wangu hulikataa mwanzoni, yaani kwamba lugha inayofanana sana na yako ndiyo inayohitaji kusomewa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Alizaliwa Kraków mwaka 1940 na akasoma katika Chuo Kikuu cha Jagiellonian cha mji huohuo. Anayesomea filolojia ya Kislavi hajifunzi kuzungumza tu. Hupitia pia Kislavoni cha Kale cha Kanisa, lugha ya Kislavi iliyoandikwa mapema kuliko zote, historia ya sauti na sarufi linganishi, mpaka afike mahali ambapo anaweza kueleza kwa nini mji uleule Wapolandi wanauita Praga na Wacheki wanauita Praha, kwamba sauti g ya zamani iligeuka h katika Kicheki huku Kipolandi kikiihifadhi. Ndani ya uwanja huo Baluch aliegemea upande wa fasihi ya Kicheki, hasa ushairi.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuelewa ugumu wenyewe. Kipolandi, kama Kiswahili, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kicheki huuweka kwenye silabi ya kwanza, na zaidi ya hapo kina irabu ndefu na fupi ambazo urefu wake hautegemei mkazo hata kidogo. Mfasiri anayehamisha shairi kutoka Kicheki kwenda Kipolandi anakuta maneno karibu yale yale, mizizi ile ile, lakini mapigo yamehama, na akijaribu kulinda vina anapoteza mizani, akilinda mizani anapoteza vina. Kwa kuwa maneno yanafanana, kishawishi cha kuyahamisha yalivyo ni kikubwa, na mara nyingi ndicho kinachoharibu kazi. Mtu aliyezoea kushuku neno linalofanana na lake amekwisha kupata nusu ya mafunzo ya ubalozi, hata kama hajui kwamba anayapata.

Kilichomtoa darasani ni mabadiliko ya kisiasa. Serikali ya Poland ya Waziri Mkuu Tadeusz Mazowiecki iliyoundwa mwaka 1989, ikiwa na Krzysztof Skubiszewski kama Waziri wa Mambo ya Nje, ilirithi wizara ambayo wanadiplomasia wake walikuwa wamelelewa na utawala wa kikomunisti. Kwa vituo vyenye uzito ilibidi kutafuta watu nje ya wizara: London alipelekwa wakili Tadeusz de Virion, Washington mwandishi wa habari Kazimierz Dziewanowski, na Budapest mwanahistoria Maciej Koźmiński. Prague, ambako rais alikuwa Václav Havel, mwandishi wa tamthilia, alipelekwa msomi wa fasihi ya Kicheki. Uteuzi huo ulikuwa ujumbe wenyewe. Wapolandi wana tabia ya kukiona Kicheki kuwa lugha ya kuchekesha, kana kwamba ni Kipolandi kinachosemwa na mtoto, na Wacheki wanaijua tabia hiyo vizuri. Kumpeleka mtu aliyetumia ujana wake wote kuichambua lugha hiyo kwa heshima kulisema mengi kabla hata hati za utambulisho hazijakabidhiwa.

Mitego ya kila siku ni mingi, nami nitataja michache tu. Neno la Kipolandi sklep ni duka, na kwa Mcheki sklep ni chumba cha chini ya nyumba. Mkate ulio czerstwy kwa Mpolandi umekauka kwa kukaa, na ulio čerstvý kwa Mcheki umetoka tanurini sasa hivi. Hizo ni za vichekesho vya mezani. Hatari zaidi ni miezi: kwiecień ya Kipolandi ni Aprili, na květen ya Kicheki ni Mei, kwa hiyo karani wa ubalozi anayejiamini bila kusoma anaweza kumpangia waziri wake safari mwezi mzima kabla ya wakati. Tena katika miaka ile, wanasiasa wa Poland walipozungumza kwa hisia kubwa kuhusu kurudi Zachód, yaani Magharibi, sikio la Mcheki lilisikia záchod, na hilo kwao ni choo. (Magharibi kwa Kicheki ni západ. Wanafunzi wangu hawajawahi kulisahau somo hilo.)

Lakini maneno yanayochekesha si yale yanayovunja uhusiano wa nchi. Mfano ninaoupenda zaidi ni jina la eneo. Mwaka 1920 eneo la Cieszyn liligawanywa kufuata mto Olza. Oktoba 1938, baada ya mkataba wa Munich ulioipa Ujerumani sehemu ya Chekoslovakia, Poland iliuchukua upande wa Chekoslovakia, na baada ya vita mpaka ukarudishwa mtoni. Wapolandi huuita upande huo Zaolzie. Kiambishi za kina maana ya "ng'ambo ya", hivyo Zaolzie ni ng'ambo ya Olza, na hapana budi kuuliza: ng'ambo kwa nani? Jina hilo lina maana tu kwa mtu aliyesimama upande wa Poland. Balozi anayelitamka mjini Prague ameshaonyesha miguu yake iko wapi, na Baluch alikuwa akizungumza na watu waliokumbuka pia kwamba Agosti 1968 jeshi la Poland lilikuwa miongoni mwa majeshi yaliyowavamia.

Mwaka uleule wa 1990 nchi aliyopelekwa ilikuwa inagombania kistari. Mwishoni mwa Machi bunge la shirikisho liliamua kwamba jina la nchi liandikwe bila kistari kwa Kicheki na kwa kistari, Česko-slovenská, kwa Kislovakia. Waslovakia walikitaka kistari kama alama ya usawa. Wacheki wengi walikiona kama kumbukumbu ya jamhuri iliyokatwakatwa baada ya Munich. Mwezi Aprili likakubaliwa jina la Jamhuri ya Shirikisho ya Cheki na Slovakia, huku maneno yote yakianza kwa herufi kubwa kinyume cha kanuni za tahajia, ili pasiwe na neno lililo dogo kuliko jingine. Mwanasheria angeliona jambo hilo kuwa upuuzi. Mwanafilolojia angesoma ndani yake nyufa za nchi nzima, na kwa kweli tarehe 1 Januari 1993 nchi hiyo ikawa mbili, Baluch akabaki Prague kama balozi katika Jamhuri ya Cheki.

Hata hapo jina halikutulia. Kipolandi kilikuwa na neno tayari, Czechy, linalotumika kwa nchi nzima. Kwa Kicheki, Čechy ni Bohemia peke yake, sehemu ya magharibi ya nchi, na ukilihamisha neno hilo kama lilivyo kutoka ripoti ya Kipolandi kwenda barua ya Kicheki umewatoa watu wa sehemu nyingine, Moravia na Silesia, ndani ya nchi yao. Neno Česko, ambalo leo ni la kawaida, halikupendwa na wengi wakati huo, Havel mwenyewe akiwa mmoja wao, kwa hiyo njia salama ilikuwa kuandika jina rasmi kwa urefu wake wote, kila mara, katika kila aya.

Alipomaliza muda wake mwaka 1995 alirudi kwenye taaluma yake ya fasihi ya Kicheki, na mwaka 2001 ikatoka antolojia ya insha za Kicheki aliyoihariri kwa wasomaji wa Kipolandi, yenye maandishi ya Havel pamoja na ya waandishi Hrabal na Kundera. Alifariki mwaka 2019.