Mizani haitofautishi mafuta na misuli

Kazi yangu ni kufundisha mazoezi, na swali linalonijia kila wiki ni hili: nikitaka kupungua, nikimbie au ninyanyue vyuma? Kabla sijajibu humuuliza mtu anataka kupunguza nini hasa.

Mkimbiaji hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake, kwa kila kilomita. Mwenye kilo 80 akikimbia kilomita 5 ametumia kalori kama 400. Kilo moja ya mafuta mwilini ina takriban kalori 7,700. Piga hesabu: ni mbio 19 za namna hiyo, tena ikiwa hakuongeza hata tonge moja, na mbio zinaleta njaa. Kupungua kunaamuliwa zaidi na chakula.

Vyuma huchoma kalori chache kuliko mbio kwa muda uleule. Wengi wakisikia hivyo huvipa kisogo, na hapo ndipo ninapobishana nao. Ukila pungufu ya mahitaji yako, mwili hauli mafuta peke yake, unakula na misuli. Misuli inayobebeshwa mzigo mara kwa mara huwa ngumu zaidi kupotea. Nimewaona waliopungua kwa mbio na njaa tu: kilo zimeondoka kweli, lakini mikono imelegea na ngazi bado zinawatoa jasho.

Huna vyuma? Pushapu na kuchuchumaa vinatosha kuanzia, mradi mzigo uongezeke kidogo kidogo. Rudia mara 8 hadi 12, na mbili za mwisho ziwe kazi kwelikweli. Ukifika 12 kwa wepesi, ongeza uzito. Wiki za mwanzo nguvu itapanda huku misuli ikionekana ileile. Ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamsha misuli vizuri zaidi. Tafadhali usikate tamaa hapo, maana ndipo wengi wanapoachia njiani.

Mazoezi ya kasi ya vipindi vifupi, sekunde 20 za nguvu zote na 10 za kupumzika, yanajenga pumzi na kuokoa muda. Kwa kupunguza mafuta, hata hivyo, hayaupiti kwa mbali mwendo wa wastani wa muda mrefu. Mtu mzito anayeanza simpi kabisa miezi ya mwanzo; namhurumia magoti.

Kwa hiyo huwapangia vyuma siku 2 au 3 kwa wiki, na kutembea kwa haraka siku nyingine mpaka zitimie angalau dakika 150, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima. Yakikutana siku moja, vyuma vitangulie, kabla miguu haijachoka. Kiuno kipimwe kwa utepe kila baada ya wiki mbili. Mizani ikigoma kusogea huku kiuno kinapungua na uzito unaonyanyua unapanda, usibadilishe kitu.